Shaba ikianguka London, Lubumbashi hulala njaa

Benki ya Lehman Brothers ilipofilisika New York mnamo Septemba 2008, ni wachache Lubumbashi waliowahi kusikia jina lake. Mwaka haujaisha, tani moja ya shaba, iliyouzwa London kwa zaidi ya dola 8,000 mwezi Julai, ilishuka hadi karibu dola 3,000. Viwanda vidogo vya kuyeyushia, vingi vya Wachina, vikazima tanuri. Wachimbaji wa mikono wakabaki na magunia ya mawe yasiyo na mnunuzi.

Wazee wa mji walishaambiwa na baba zao habari ya namna hiyo.

Mdororo ulioanza Marekani mwaka 1929 ulifika Élisabethville, kama Lubumbashi ilivyoitwa wakati huo, kwa njia ileile. Benki zilifungwa, nyumba zikaacha kujengwa, nyaya za umeme zikakosa mnunuzi, na ratili ya shaba ikatoka senti 18 za Marekani hadi chini ya 6 mwaka 1932. Union Minière, kampuni ya kikoloni ya migodi ya shaba, iliyokuwa na wafanyakazi Waafrika wapatao 17,000, ikabaki na kama 5,000. Wengine wakarudishwa vijijini mikono mitupu. Mwaka huohuo Marekani ikaitoza shaba ya nje ushuru wa senti 4 kwa ratili. Kila taifa lilifunga mlango wake, na uchumi wa wote ukazidi kukosa pumzi.

Hata hivyo, si haki kuitupia dunia lawama yote. Bei ya shaba ilipopanda hadi mwaka 1974, serikali ya Rais Mobutu ilikopa kana kwamba haitashuka kamwe. Ilishuka mwaka huohuo, mafuta yakiwa yameshapanda, na deni likabaki shingoni mwa nchi kwa miaka mingi.

Leo Kongo ni ya pili duniani kwa shaba, baada ya Chile, na bado mji huu hula bukari (ugali) ya unga unaovuka Kasumbalesa kutoka Zambia. Bei ya shaba ikianguka, dola za kuununua huadimika.

Sheria ya madini ya 2018 inalipa jimbo asilimia 25 ya mrabaha, na kutenga asilimia 10 kwa ajili ya vizazi vijavyo. Hazina hiyo haikuwekwa kwa ajili ya miaka mibaya ya karibu. Wabunge wa Haut-Katanga, jimbo la Lubumbashi, watunge amri ya kuweka akiba sehemu ya fungu la jimbo wakati bei iko juu, na hesabu yake ibandikwe hadharani kila robo mwaka.

Waanze na bajeti ijayo.