Nani apange kazi ya darubini ya Roman?

Kabla darubini ya anga za juu ya Nancy Grace Roman haijaondoka ardhini, sehemu kubwa ya miaka yake 5 ya kazi ilikuwa imeshagawiwa. Wanaastronomia walishauriana, kamati zikakaa, zikatoka tafiti kuu tatu. Mmoja utaelekea katikati ya galaksi yetu na kupiga picha mamilioni ya nyota zilezile kila baada ya dakika 12 hivi, ukingoja mojawapo ing'ae ghafla kwa sababu nyota nyingine, pengine yenye sayari, imepita mbele yake na mvuto wake ukakuza mwanga.

Zamani mtafiti wa darubini ya Hubble aliandika ombi, akapewa saa zake, na kwa kawaida data ikawa yake peke yake mwaka mzima. Kwa Roman hilo halipo. Picha ni za wote. Nawaunga mkono waliopanga hivyo. Kioo chake ni mita 2.4 kama cha Hubble, lakini picha yake moja hufunika eneo angalau mara 100 ya picha ya infraredi ya Hubble. Ukigawa chombo cha namna hiyo kwa mtu mmoja mmoja, umekipoteza.

Ila mpango nao hukaba. Desemba 1995 Robert Williams, mkurugenzi wa taasisi inayosimamia kazi za Hubble, alitumia muda uliokuwa chini ya uamuzi wake kuielekeza siku 10 kwenye kipande cha anga kilichoonekana kitupu. John Bahcall, mmoja wa waliopigania Hubble ijengwe, alikuwa na shaka kwamba ingefichua galaksi nyingi mpya. Zilionekana kama 3,000! Je, kamati ya kawaida ingepitisha ombi la kutazama patupu? Sidhani. Kwa hiyo ile robo ya muda wa Roman iliyoachiwa maombi mengine isimegwe, hata tafiti kuu zikichelewa.

Na huo uwazi wa kuwapa wote picha una gharama. Data itafika kama terabaiti 20,000. Mtafiti wa Dodoma au Kisumu haombi ruhusa ya mtu, lakini hawezi kuipakua kwa bando. Dawa yake ni kompyuta zilizowekwa palepale data ilipo, naye aingie kwa intaneti afanyie kazi hukohuko. Bajeti ya NASA, shirika la Marekani lenye darubini hii, ikibanwa, huduma hiyo ni rahisi kukatwa kuliko kioo, na ikikatwa, vyuo vikubwa vya Marekani havitaumia sana.