Lengelenge Lisilouma

Shule zinapofunguliwa mwezi wa Januari, nyumba nyingi hunukia viatu vipya. Kwetu pia ilikuwa hivyo. Siku ya tatu ya masomo, binti yetu wa darasa la nne alirudi nyumbani akichechemea, kiatu kimoja mkononi. Kwenye kisigino palikuwa na lengelenge kubwa kama sarafu, limejaa maji. Jirani yetu alikwisha kuchukua sindano ili alitumbue. Tulimwomba asubiri kidogo, maana hapa ndipo akina mama wengi tunapokosea.

Kiatu kinachobana au kupwaya huisugua ngozi kila hatua. Ngozi iliyolowa jasho huvutwa huku na huku, hata tabaka la juu likaachana na la chini. Nafasi iliyobaki hujaa maji kutoka mwilini. Maji hayo si uchafu. Yakiwa pamoja na ngozi iliyoyafunika, ni bandeji tuliyopewa na mwili wenyewe, na chini yake ngozi mpya huota kwa usalama. Kulitumbua lengelenge bila sababu ni kuwafungulia vijidudu mlango.

Kwa hiyo tuliuosha mguu kwa maji safi na sabuni, tukaukausha taratibu, tukafunika lengelenge kwa kitambaa safi na plasta. Viatu vile tuliviweka kando, akavaa kandambili. Baada ya siku chache maji yalinywea yenyewe.

Kama lengelenge ni kubwa mno na linamzuia mtu mzima mwenye afya njema kutembea, laweza kutolewa maji. Nawa mikono kwa sabuni. Safisha lengelenge na sindano mpya kwa spiriti. Toboa pembeni, kamua polepole, lakini ngozi ya juu usiibandue. Paka mafuta safi ya mgando, kisha funika. Badili kitambaa kila siku, au kila kinapolowa. Kama limepasuka lenyewe, lioshe na kulifunika vivyo hivyo. Dawa ya meno, majivu, mafuta ya taa na kinyesi cha ng'ombe visiguse kidonda. Vingine huunguza ngozi, vingine huleta vijidudu, hata vile vya pepopunda.

Tulipokuwa tukimhudumia mtoto, bibi yake alicheka akasema, "Kumbe hata mimi ninalo, tangu harusi ya Jumamosi. Ila langu haliumi."

Tulipomwangalia, tulikuta lengelenge limepasuka chini ya kidole gumba cha mguu, pembeni pamevimba na usaha umeanza. Bibi ana kisukari.

Mama msomaji, hilo lisilouma ndilo lililotutisha. Kisukari cha muda mrefu huharibu mishipa ya fahamu ya miguu, na mgonjwa huweza kutembea juu ya kidonda asijue. Damu nayo hupita kwa shida miguuni, hivyo kidonda huchelewa kupona. Wapo waliokatwa mguu kwa sababu ya jambo lililoanza kama lengelenge. Mgonjwa wa kisukari asitoboe lengelenge hata kidogo. Aende kwa daktari siku ile ile. Bibi tulimpeleka jioni hiyo hiyo. Alifungwa kidonda kwa majuma kadhaa, akapona, na mguu wake anao.

Wala tusidhani kwamba hatari ni ya wenye kisukari peke yao. Huko Marekani, mwishoni mwa Juni 1924, Calvin, mtoto wa Rais Calvin Coolidge, alicheza tenisi bila kuvaa soksi, akapata lengelenge kwenye kidole cha mguu. Vijidudu viliingia, vikaenea katika damu, na tarehe 7 Julai kijana huyo wa miaka 16 akafariki. Penisilini iligunduliwa mwaka 1928. Leo dawa zipo, lakini humfaa zaidi anayewahi.

Mpeleke mgonjwa hospitali upesi ukiona usaha, uvimbe na joto vinavyozidi, mistari inayopanda mguuni, mitoki kwenye kinena, au homa. Ngozi nyeusi huficha wekundu, kwa hiyo tumia mkono wako: linganisha joto la mguu huo na la mwenzake.

Tukinunua viatu, vya dukani au vya mitumba, twende alasiri, kwa sababu miguu huvimba kidogo kadiri siku inavyoendelea. Mtoto ajaribu akiwa amesimama, tena miguu yote miwili, na mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole. Viatu vipya vivaliwe kwanza nyumbani, saa moja au mbili kwa siku, pamoja na soksi kavu. Mtoto akisema, "Mama, kinanichoma," asiambiwe avumilie. Afunikwe plasta hapo hapo, kabla maji hayajajaa.

Siku hizi kila jioni binti yetu huchukua taa akachunguza nyayo za bibi yake, na katikati ya vidole. Bibi hawezi kuinama vizuri, na miguu yake haimwambii kitu. Basi mjukuu ndiye anayemwambia.