Jina Juu ya Jalada

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Siku hizi methali hiyo imepinduliwa. Kijana akimaliza sura ya kwanza ya kitabu, kabla hajaigusa ya pili, tayari ana picha yake ya kupamba jalada, ana msemo wa kujitambulisha, na ana rangi aliyoichagua ili watu wamjue popote waionapo. Ukimwuliza anafanya nini, atakujibu kwamba anajenga jina. Nilipokuwa nikitayarisha kitabu hiki, ninachokichapisha kwa akiba yangu mwenyewe, kijana mmoja wa namna hiyo alikuja kunishauri. "Babu," alisema, "msomaji hanunui kitabu, ananunua chapa. Tafuta sura moja na sauti moja, uvirudie mpaka watu wakuzoee." Nilimshukuru, nikamkaribisha chai. Lakini ushauri wake naupinga, na sababu za kuupinga ninazo.

Chapa inafaa kwa sabuni. Mche wa jana na mche wa leo hutoka katika pipa moja, na aliyeona povu jana ana haki ya kutegemea povu leo. Kitabu hununuliwa kabla hakijajulikana. Msomaji hutoa fedha yake na saa zake kwanza, halafu ndipo agundue kama ametendewa haki au amepunjwa. Kwa hiyo kila anayenunua kitabu humkopesha mwandishi imani. Je, mkopo huo hulipwa kwa rangi ya jalada?

Sisemi kwamba uthabiti hauna maana. Marehemu Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alimleta Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, na mwaka 1984 bado tulikuwa naye katika Kosa la Bwana Msa. Kiko kilikuwa kile kile. Ukipenda, iite hiyo chapa. Lakini tuliomsoma hatukurudi kwa ajili ya moshi wa kiko. Tulirudi kwa sababu mwandishi alitimiza ahadi: watu walipotaja mzimu, Bwana Msa alitafuta mkono wa binadamu, na fumbo lilifumbuliwa kwa akili.

Tena mtazame Euphrase Kezilahabi. Baada ya Rosa Mistika ya mwaka 1971 angeweza kutuandikia akina Rosa wengine kumi, na tungewanunua wote. Badala yake alituletea Nagona mwaka 1990 na Mzingile mwaka uliofuata, vitabu vyembamba vilivyowatoa jasho hata walimu wa fasihi. Mshauri wangu angesema ameharibu jina. Mimi nasema alilihifadhi. Mavazi ya maandishi yalibadilika, lakini mtu yule aliyeuliza maana ya maisha katika Kichwamaji ndiye aliyeendelea kuuliza, na hakujifanya kuwa na jibu alipokuwa hana. Msomaji husamehe ugumu; hasamehi kudanganywa.

Ndugu msomaji, hayo sikuyajua kwa kusoma tu. Katikati ya miaka ya 1990, nikiwa mkuu wa chuo cha ualimu, mchapishaji mmoja alinijia ofisini na muswada wa maswali na majibu ya hisabati kwa shule za msingi. Kazi ilikuwa imekwisha kuandikwa na watu wengine. Alichotaka ni jina langu, pamoja na cheo changu, juu ya jalada. Nilisoma kurasa ishirini hivi za mwanzo, nikaona ziko sawa, nikatia sahihi. Fedha niliyopewa ilinunua mabati ya nyumba ninayoishi hadi leo.

Miaka miwili baadaye alinitembelea mwalimu kijana niliyemfundisha. Baada ya kunipa shikamoo alitoa kitabu kile mkobani, akakifungua mahali alipokuwa amekunja ukurasa. Swali lilisema nusu igawanywe kwa robo. Jibu lililochapwa lilikuwa thumuni. Mtu fulani alikuwa amezidisha badala ya kugawanya. Mwalimu aliniambia kwamba aliliandika jibu hilo ubaoni, na mtoto mmoja wa darasa la sita akanyosha mkono na kuuliza: "Mwalimu, kwani ndani ya nusu mkate mna robo ngapi?"

"Nilimchapa kwa ubishi," alisema. "Kitabu kilikuwa na jina lako, Mwalimu."

Hakusema kwa kunilaumu, na ndiyo maana maneno yale yaliniuma zaidi. Nilimwandikia mchapishaji nikitaka iwekwe karatasi ya masahihisho ndani ya kila nakala. Sikujibiwa. Nakala ziliendelea kuuzwa, na jina langu likiwa juu kwa herufi nene.

Basi ninyi mnaofundisha vijana kujenga jina, wafundisheni kwanza mambo haya. Usiweke jina lako juu ya kazi usiyoiandika, wala usiyoisoma mpaka mwisho. Ukikosea, tangaza kosa kwa herufi kubwa kama ulizotumia kutangaza kitabu. Usiite toleo jipya kile kilichobadilishwa jalada tu. Wazo ulilolipata kwa mwenzako, mtaje mwenzako. Anayefanya hayo kwa miaka ishirini atakuwa na jina, hata kama picha yake haijulikani mtaani kwake. Asiyeyafanya atakuwa na chapa.

Mtoto yule sasa ni mtu mzima, na sijui aliko. Ikiwa kitabu hiki kitamfikia, napenda ajue kwamba alikuwa sahihi. Ndani ya nusu mna robo mbili. Fimbo ile ilikuwa yangu.