Afya Nyumbani: Malengelenge Yasiyoambukiza

Mwezi huu twanena habari za maradhi ambayo si ya kila siku, lakini yakiingia nyumbani huleta hofu kubwa. Jina lake ni pemfigasi, nalo latokana na neno la Kiyunani lenye maana ya lengelenge.

Mara nyingi huanza kinywani. Mgonjwa hupata vidonda mashavuni kwa ndani na katika ufizi, asiweze kula wala kumeza mate bila maumivu. Miezi yaweza kupita kabla ngozi haijaguswa. Kisha hutokea malengelenge mepesi kifuani, mgongoni na kichwani, nayo hupasuka upesi na kuacha mahali pabichi kana kwamba pameungua. Hapo ndipo majirani hunong'ona habari za uchawi, na wenyeji wa nyumba humtengea mgonjwa sahani yake na kikombe chake, hata kanisani huketi peke yake.

Kumtenga hivyo ni kumwonea bure. Pemfigasi haiambukizi kamwe. Chembe za ngozi zimeshikamana kama matofali yaliyoungwa kwa udongo. Na ile kinga ambayo Mungu ameiweka mwilini ipigane na maradhi imepotea njia, ikaugeukia udongo ule na kuubomoa. Wataalamu Beutner na Jordon walilivumbua jambo hili huko Marekani mwaka 1964. Walakini tetekuwanga nayo ina malengelenge, nayo huambukiza sana; basi mtu asikate shauri kwa macho tu. Daktari hukata kipande kidogo cha ngozi, kikatazamwa kwa darubini. Huko Moshi, katika hospitali ya KCMC, kiko tangu mwaka 1992 chuo cha kufundisha waganga wa ngozi.

Kabla dawa za namna ya kortisoni hazijapatikana, yaani karibu na mwaka 1950, wagonjwa wengi walikufa katika miaka michache. Siku hizi prednisoloni huwaokoa walio wengi. Lakini nawasihi sana, ninyi mnaouguza: mgonjwa akipata nafuu, asiache vidonge ghafula. Mwili uliozoea dawa hiyo huacha kutengeneza ya kwake, naye aweza kuzimia, hata kufa. Daktari ndiye apunguzaye, kidogo kidogo.

Mpeni uji uliopoa, usiotiwa ndimu wala pilipili. Huko Bara Hindi waganga wamewalaza wagonjwa wa namna hii juu ya majani ya mgomba yaliyosafishwa kwa mvuke, kwa kuwa jani ni laini, wala haligandi kidondani kama shuka.