Apareyi nyeupe ya meno: siku ya kukimbia, nani ataifungua?

GOMA – Kuna biashara mpya ya tabasamu. Kwenye status za WhatsApp, kwenye vibao vya saluni, na hata redioni kati ya tangazo la msiba na tangazo la kadi ya mchaguzi iliyopotea, sauti tamu inaahidi: apareyi nyeupe ya meno, haionekani, meno sawa kwa muda mfupi, bei ya kusikilizana. Wanaoitikia si watoto wa matajiri peke yao. Ni pia binti aliyeuza simu yake. Ni pia mama mhami aliyeweka pembeni pesa ya unga kwa sababu mtoto wake anachekwa shuleni.

Katika maneno yote hayo matamu, neno moja linakosekana: muda. Na kwa wakaaji wa Kivu, muda ndio kitu cha kwanza ambacho vita vinaiba.

Apareyi hiyo ni kitu gani

Apareyi ya seramiki yenyewe si uongo. Madaktari wa meno wanaitumia tangu miaka ya 1980. Kazi yake ni ile ile ya vyuma vya kawaida: vijiwe vidogo vinagundishwa mbele ya kila jino, waya unapita juu yake, na waya huo unasukuma meno polepole mpaka yajipange. Tofauti ni kwamba kijiwe hakikutengenezwa kwa chuma. Ni oksidi ya aluminiamu iliyochomwa kwa moto mkali mpaka ikawa ngumu na nyeupe, jamaa ya kikombe cha kauri. Waya wenyewe mara nyingi unabaki wa chuma. Kwa hiyo anayesema "haionekani" anadanganya kidogo: anayepita barabarani hataiona, anayekaa nawe kwenye meza moja ataiona.

Weupe huo una masharti yake. Mipira midogo inayoshika waya inanywa rangi. Sombe yenye mafuta ya mawese na chai ya kila asubuhi vitaigeuza manjano kabla ya siku ya kurudi kwa daktari. Seramiki inavunjika upesi kuliko chuma, kwa hiyo muhindi wa kuchoma, muwa na mfupa vinakuwa adui. Tena ni ngumu kuliko gamba la jino lenyewe: ikiwekwa chini mahali ambapo meno ya juu yanaigonga, itayasaga. Ndiyo maana madaktari wengi waangalifu wanaweka seramiki juu, chini wanaweka chuma. Kwa kawaida ni ghali kuliko chuma, na hainyooshi meno haraka kuliko chuma. Anayelipa zaidi analipia rangi.

Ni wauzaji wangapi wanaeleza hayo kabla ya kupokea dola?

Jino si msumari

Jino limekaa ndani ya mfupa. Waya ukilisukuma, mwili unakula mfupa wa upande linakokwenda na kujenga mfupa mpya upande linakotoka. Kazi hiyo inafanywa na mwili wenyewe, na mwili hauchukui rushwa ili uharakishe. Mara nyingi matibabu yanachukua miezi 18 mpaka 24, wengine zaidi, na mgonjwa anarudi kwa daktari karibu kila wiki 4 mpaka 8. Apareyi ikitolewa, lazima avae kifaa kingine cha kuzuia meno yasirudi yalikotoka. Asipokivaa, pesa yote imekwenda na maji.

Kabla ya kugundisha kijiwe hata kimoja, daktari wa kweli anapiga radio ya meno, anaona mizizi na mfupa, anaziba meno yaliyotoboka, anatibu fizi zinazotoka damu. Halafu anapaka jino asidi kwa sekunde chache ili gundi ishike. Ndiyo, asidi. Mikononi mwa aliyesoma, ni kitu cha kawaida. Mikononi mwa mtu aliyejifunza kwa video za simu, ni hatari. Waya ukivutwa kwa nguvu kupita kiasi, mzizi wa jino unaweza kufupika na jino likalegea. Fundi huyo atakuwa ameshabadilisha laini ya simu.

Hili si jambo la Kivu peke yake. Nchini Thailand apareyi za urembo ziliuzwa kwa vijana sokoni kama bangili, mpaka serikali ikazipiga marufuku. Nchi iliyojaa madaktari wa meno iliona hatari. Kivu, ambako mtu anaweza kutembea siku nzima bila kukuta daktari wa meno hata mmoja, inangoja nini?

Miaka miwili ya amani

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Meno yananyooka kwa miaka miwili ya amani. Nani Goma, nani Bukavu, nani Masisi ana miaka miwili ya amani mfukoni?

Tarehe 22 mwezi wa tano 2021, Nyiragongo ilipasuka jioni, na siku zilizofuata watu maelfu kwa maelfu walikuwa njiani kuelekea Sake, Minova, Rutshuru na Gisenyi. Mwisho wa mwezi wa kwanza 2025 vita viliingia Goma, mwezi uliofuata vikafika Bukavu. Mabenki yakafunga milango, uwanja wa ndege ukafungwa, na kambi zilizouzunguka mji wa Goma zikabaki tupu, watu wakiwa wamebeba maturubai kichwani kwa mara ya pili, ya tatu, ya nne. Wakati kama huo mtu anachukua mtoto, sufuria na godoro. Daktari wa meno habebwi mgongoni.

Chukua mfano wa msichana aliyegundishiwa apareyi mwezi wa kumi na mbili. Mwezi wa pili yuko ugenini, ndani ya hema ama kwa shangazi mwenye watu kumi na wanne ndani ya nyumba ya vyumba viwili. Aliyemgundishia naye amekimbia, na hakuna anayejua kama yuko Bujumbura ama Kampala. Apareyi haijui kama kuna vita. Kijiwe kimoja kimetoka, waya umejikunja na unachoma shavu. Meno yanaendelea kwenda, ila hakuna anayeyaongoza. Chakula kinashika chini ya waya, na kusafisha kunahitaji mswaki, dawa na maji mara mbili ama tatu kwa siku, mahali ambapo bidoni moja ya maji ni ya kunywa, kupika na kunawa. Baada ya miezi kadhaa, madoa meupe yanatokea kuzunguka kila kijiwe. Hayo ni mwanzo wa kuoza. Aliingia na meno yaliyopinda lakini mazima. Atatoka na meno yaliyooza.

Kwa hiyo muuzaji asiyemuuliza mteja "ukikimbia, utafuatiliwa wapi?" hafanyi kazi ya afya. Anauza mtego.

Na wale wanaosema "mhami na urembo wapi na wapi?"

Hao nao wanyamaze. Kuna watu wenye tumbo lililoshiba wanaocheka wakisikia mama wa kambini anataka mtoto wake anyooshwe meno. Wanafikiri aliyepoteza nyumba amepoteza pia haki ya kucheka bila kufunika mdomo. Meno yaliyopinda sana si urembo tu. Kuna mtoto asiyeweza kutafuna vizuri. Kuna ambaye meno yake ya mbele yamejitokeza na kila anapoanguka yanapokea pigo la kwanza. Kuna kijana ambaye hajibu swali darasani kwa sababu wenzake wamempa jina la mnyama. Mama anayeumia kwa ajili ya mtoto huyo hana kosa. Kosa ni la anayemuuzia haraka kitu ambacho hakina haraka.

Lakini ukweli mwingine nao lazima usemwe, hata kama haupendezi. Meno mengi yaliyopinda yalianza kuharibika mapema, pale mtu mzima aliposema "ni meno ya utoto tu, yatatoka". Jino la utoto linashika nafasi ya jino la ukubwa. Gego la utoto likioza na kung'olewa kabla ya wakati, yaliyo jirani yanainamia nafasi hiyo, na jino la ukubwa likija linakuta kiti kimekaliwa. Linatokea pembeni. Kuna pia desturi ya kuchimba fizi za mtoto mchanga mwenye homa ama kuhara, eti ana "meno ya uongo". Inajulikana Uganda na Tanzania, na haikusimama kwenye mpaka. Kinachochimbwa pale ni mbegu za meno ya kweli. Mtoto anaweza kutokwa damu nyingi, kuambukizwa, hata kufa. Anayepona anaweza kukosa meno ama kuota meno yaliyopotoka maisha yake yote.

Basi unyooshaji wa bei nafuu kuliko wote ni huu: mswaki mara mbili kwa siku na dawa yenye floridi, biskuti na soda kupunguzwa, jino la utoto kuzibwa badala ya kung'olewa, wembe kuwa mbali na fizi za mtoto. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilisema magonjwa ya mdomo yanagusa watu karibu bilioni 3,5. Lakini angalia vifurushi vinavyogawiwa wahami: sabuni ipo, ndoo ipo. Miswaki ya watoto ni mingapi? Katika vituo vingi vya afya dawa ya jino ni moja tu, koleo.

Wanaopaswa kujibu

Division ya afya ya kila jimbo itangaze, kwenye redio na kwa lugha ambayo raia wanasikia, majina ya wenye ruhusa ya kugusa meno. Asiyekuwemo afungiwe. Redio nazo zijiulize kabla ya kupokea franga za tangazo: aliyelala na njaa kwa kuamini sauti ya redio, atamlalamikia nani? Mashirika yanayotunza wahami yaweke mswaki kwenye kifurushi na daktari wa meno kwenye timu inayotembea, hata mara moja kwa mwezi.

Mzazi naye, kabla ya kulipa, aulize maswali manne. Umesoma wapi kazi hii? Radio ya meno ya mtoto iko wapi? Itachukua miezi mingapi, na bei ni ya miezi yote ama ya siku ya kwanza tu? Tukihama, nani ataendelea? Anayekasirika kwa maswali hayo ameshajibu.

Aliyekwisha kukimbia na apareyi mdomoni asiibandue kwa koleo wala kisu. Seramiki inapasuka vipande, na gamba la jino linaweza kubanduka nayo. Waya ukichoma, aufunike kwa pamba safi. Asukutue kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, apige mswaki hata kwa kikombe kimoja cha maji, aache vitu vigumu na vya sukari, na atafute hospitali yenye huduma ya meno hata kama ni ya mbali. Aliye katikati ya matibabu apige picha radio yake na karatasi zake, azihifadhi kwenye simu: daktari mwingine ataanzia hapo.

Meno yaliyopinda hayaui. Yanaweza kungoja. Siku nchi itakapotulia, kijana wa miaka 20 ama mtu mzima wa miaka 40 bado anaweza kunyooshwa, kwa seramiki ama kwa chuma, kama fizi na mfupa wake ni vizima. Jino lililooza chini ya gundi ya tapeli halina siku hiyo.