Chombo cha GPS Hakihamishi Mpaka

Wakulima wa skimu,

Wengine wenu mmekuwa mkiuliza habari za kile chombo cha mkononi cha kuonyesha mahali, yaani GPS, na ni kipi kifaacho kununuliwa. Matangazo yake mengi yametungwa kwa ajili ya wawindaji wa Marekani, watu waingiao msituni siku tatu na kutaka kuijua njia ya kurudi. Kwetu Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, na sidhani kama yupo apoteaye kati ya Kona ya Musa na Ukunda. Haja yetu ni kujua shamba lina ekari ngapi, kisima kiko wapi, na mikorosho mipya imepandwa sehemu gani. Basi chagueni kwa haja hiyo.

Chombo hiki husikiliza setilaiti zilizo juu ya dunia, na kwa kupima muda ambao mawimbi yametumia kufika, hukisia mahali kilipo. Kinahitaji kusikia setilaiti nne au zaidi. Vyombo vingi vipya husikiliza za Marekani pamoja na za Urusi, za Ulaya na za China. Ulizeni jambo hili dukani kabla ya kuuliza rangi ya kioo, maana sisi tunalima chini ya minazi na miembe, na majani mengi hudhoofisha mawimbi. Chombo kisikiacho setilaiti nyingi hupata nafuu pale.

Mimi ningechagua chenye vitufe, si cha kugusa kioo, kwa kuwa mkono wa mkulima una jasho na udongo. Tena kiwe cha betri za kawaida zile za tochi, ambazo kila duka la kijijini linazo. Msilipe zaidi kwa ajili ya ramani za rangi zilizomo ndani. Njia zetu za shambani mara nyingi hazimo. Na mwenye simu ya kisasa atazame kwanza simu yake, kwani nyingi zina kipokezi cha GPS ndani, nacho hufanya kazi hata pasipo mtandao wa simu. Kwa kupima shamba mara moja kwa mwaka, simu yatosha. Kikundi cha wakulima kumi kikitaka chombo, kinunue kimoja.

Faida yake kubwa ni wakati wa kulimiwa kwa trekta. Mwenye trekta hudai malipo kwa ekari, naye ndiye anayehesabu. Ukizunguka shamba lako na chombo mkononi, ukifuata ukingo wa sehemu iliyolimwa, kitakupa ukubwa wake. Kwa shamba la ekari tano kosa litakuwa dogo. Kwa kipande cha robo ekari msikitumie. Chukueni kamba, mkikumbuka kwamba ekari moja ni kama hatua kubwa 70 kwa 70.

Sasa nakuja kwenye neno lililonifanya niandike. Wapo wanaotaka chombo hiki ili wakaonyeshe kwamba jirani ameingia ndani ya mpaka. Ndugu zangu, fanyeni hesabu. Mahali peupe, chombo cha mkononi hukosea kiasi cha mita 3 hadi 5, na chini ya miti hukosea zaidi. Tuseme mpaka wenu una urefu wa mita 150, nacho kimekosea mita 4. Hizo ni mita za mraba 600, zaidi ya sehemu ya saba ya ekari. Ukipanda minazi kwa nafasi ya mita 9 kwa 9, ni mahali pa minazi saba. Jirani naye akileta chombo chake, kitakosea kwa upande mwingine, na kila mmoja ataapa kwamba mwenzake ni mwizi, hali wote wawili wanasema kweli kama walivyoiona.

Mtasema, mbona mpima ardhi naye hutumia setilaiti? Ni kweli, lakini yeye hutumia vipokezi viwili kwa pamoja, kimoja kikiwekwa mahali panapojulikana ili kusahihisha kingine, na kosa lake ni sentimita chache. Kwa Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012, mgogoro wa mpaka wa shamba lililosajiliwa huanzia kwa Msajili wa Ardhi. Kung'oa au kuharibu alama ya mpaka bila idhini yake ni kosa la jinai, hata kama chombo chako kimekuambia jiwe limekaa vibaya.

Yako mambo mawili ya kurekebisha kabla ya kuanza kazi. Ramani nyingi za zamani za Serikali zimechorwa kwa kipimo kiitwacho Arc 1960, nacho chombo kipya huja kimewekwa WGS 84. Usipobadilisha, utajikuta karibu mita 300 mbali na mahali ulipo kwenye ramani. Pili, angalieni namna ya kuandika digrii. Diani iko kusini kwa digrii 4.28. Karani akiisoma kama digrii 4 na dakika 28, atawatafuta Msambweni, kilomita 20 hivi kutoka hapo.

Na kabla ya kulipa, mwombeni mwenye duka ruhusa ya kukijaribu. Simameni mahali peupe, dakika tano bila kutembea, mtie alama. Rudini papo hapo jioni na kesho yake, mtie alama tena. Zikipishana zaidi ya mita 10, mrudishieni chombo chake.