Neva za Utumbo Zisisahauliwe Darasani

Mwanafunzi wa sekondari akiulizwa utumbo ni kitu gani, aghalabu hujibu kuwa ni mrija ambamo chakula humeng'enywa na kufyonzwa. Jibu hilo si kosa, bali lina upungufu mkubwa. Ndani ya kuta za mrija huo umetandazwa mtandao wa seli za neva zaidi ya milioni 100. Mwaka 1899, huko London, Bayliss na Starling walizikata neva zote ziingiazo katika utumbo wa mbwa kutoka nje. Hata hivyo, utumbo ulipochokozwa mahali pamoja, sehemu ya juu yake ilijikaza na ya chini ikalegea, chakula kipate kusonga. Basi utumbo haungoji amri ya ubongo kwa kila tendo.

Elimu hii si pambo la mtihani. Mwaka 1886 Harald Hirschsprung, daktari wa Denmark, alieleza habari za watoto wawili waliokufa kwa kufunga choo, utumbo wao mpana ukiwa umetanuka kupita kiasi. Kwa miaka mingi madaktari waliilaumu sehemu iliyotanuka. Kumbe hiyo ilikuwa na neva zake. Iliyozikosa ni ile nyembamba iliyo chini yake, isiyoweza kulegea. Mwaka 1948 Swenson na Bill walieleza upasuaji wa kuiondoa sehemu hiyo nyembamba, na tangu hapo ugonjwa ukawa na tiba.

Maradhi haya humpata takriban mtoto 1 katika kila watoto 5,000 wazaliwao. Mtoto aliyezaliwa miezi yake ikiwa imetimia hupata choo cha kwanza, kwa kawaida, kabla ya saa 48 kupita. Akichelewa, tumbo likafura na akatapika matapishi ya kijani, apelekwe hospitali upesi. Kumpa dawa ya kuharisha nyumbani ni kupoteza muda ambao mtoto hana.

Yamkini walimu watasema kuwa muhtasari umekwisha kujaa. Twakubali, lakini kipindi kimoja na mchoro mmoja ubaoni vyatosha. Mwanafunzi aliyefahamu kuwa mrija usio na neva hugeuka kizibo hatahitaji kukariri dalili hizo. Atazielewa, na siku atakapokuwa mzazi, mkunga au jirani, atajua swali la kuuliza: mtoto amepata choo lini?